Kwa mdogo wangu uliyeziweka patasi kabatini

Mdogo wangu mpendwa,

Mama ameniambia hujagusa ubao tangu chuo kilipokunyima nafasi. Pole sana. Nimeumia pamoja nawe, ndiyo maana nataka nikusimulie habari za Munakata Shikō, msanii wa Japani aliyechonga mbao na kuchapa picha kwazo.

Alizaliwa mwaka 1903 mjini Aomori, kaskazini mwa Japani, mtoto wa mhunzi mwenye watoto chungu nzima. Shule aliishia ya msingi, akaingia kumsaidia baba yake kufua vyuma, baadaye akapata kazi ya kutumwatumwa mahakamani. Macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni. Siku moja akaonyeshwa alizeti za Van Gogh, mchoraji Mholanzi, kwenye jarida, akatangaza kwamba naye atakuwa Van Gogh!

Mwaka 1924 akahamia Tokyo kuchora kwa rangi za mafuta. Maonyesho makubwa ya serikali yakamkataa, akajaribu tena, yakamkataa tena. Ili apate kula alishona viatu na kuuza natto, yaani soya iliyochachushwa. Mwaka 1928 mchoro wake ukapokelewa hatimaye, lakini moyo ulikuwa umeshaanza kuhamia kwenye mbao, tangu alipoiona chapa, yaani picha iliyochapwa kwa ubao uliochongwa, ya msanii Kawakami Sumio, ya mwanamke katikati ya upepo wa mwanzo wa kiangazi.

Hapa soma taratibu. Wengi humsifu kuwa alijifunza mwenyewe, na kweli hakukanyaga chuo cha sanaa. Ila hakujifungia ndani. Alimwendea Hiratsuka Un'ichi, fundi hodari wa chapa za mbao, akajifunza kwake. Zamani kule, chapa moja ilipita kwa mchoraji, mchongaji na mchapaji. Hiratsuka na wenzake walitaka mtu mmoja aifanye kazi yote kwa mkono wake. Munakata akaipenda njia hiyo. Aliinama hadi pua ikakaribia kugusa ubao, akachonga kwa kasi ya ajabu, akapaka wino mweusi, akatandika karatasi juu yake na kuisugua kwa mkono. Baadaye, kwa ushauri wa Yanagi Sōetsu, mpenzi mkubwa wa sanaa za kienyeji, alianza kupaka rangi nyuma ya karatasi ili ipenye yenyewe hadi mbele. Mimi zile rangi zilizofifia napenda kuziangalia kuliko kitu kingine chochote chake.

Yanagi huyo ndiye aliyeiona kazi yake mwaka 1936 na kuinunulia jumba lake jipya la sanaa za kienyeji jijini Tokyo. Mwaka 1938 picha zake za *Utō*, kisa cha mwindaji anayeteseka baada ya kufa kwa ajili ya ndege aliowaua, zikapata tuzo maalumu kwenye maonyesho ya serikali. Hakuna chapa ya ubao iliyowahi kupewa heshima hiyo kabla yake.

Sasa nakuomba jambo moja. Yule mzee anayechonga milango jirani na kwenu, mpelekee ubao wako Jumamosi hii, hata kama haujakamilika. Muulize patasi yako inakwama wapi, kisha niandikie alichokujibu.

Dada yako