Nyoka wa Chuka asiuawe wala kuuzwa

Mhariri,

Katika misitu ya Chuka, kusini-mashariki mwa Mlima Kenya, na kule Igembe kwenye milima ya Nyambene, yupo nyoka wa mitini wa jamii ya moma, Atheris desaixi. Haishi kwingine kokote duniani. Wanasayansi walimtambua mwaka 1968 tu.

Nimewahi kumwona mara moja, asubuhi ya ukungu, amejikunja kwenye tawi usawa wa kifua changu. Kila gamba jeusi lilikuwa na ukingo wa manjano, kama limetiwa rangi kwa unyoya. Hakunifanya lolote. Nilirudi nyuma polepole, basi.

Ni kweli ana sumu, na dawa maalumu ya kuizuia haipo. Hofu ya wanakijiji naielewa. Lakini anayemmaliza zaidi ni shoka na wafanyabiashara wa kumuuza ng'ambo. Mwaka 2016 Kenya ilifanikiwa kumwingiza kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara yake ikadhibitiwa. Hiyo haitoshi ikiwa miti anayolala inakatwa.

Naziomba kaunti za Tharaka-Nithi na Meru ziwaajiri vijana wetu kuulinda msitu uliobaki, kabla ya msimu ujao wa kupanda.

Msomaji, Chuka