Betri za intaneti zipimwe kwa mawingu ya Rungwe

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wanaofunga vifaa vya intaneti isiyo na waya vinavyotumia umeme wa jua kwenye vilima vya Rungwe wasipime betri kwa jua la Dodoma. Kifaa cha wati 10 kinachowaka usiku na mchana hutumia ampea-saa 20 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri) kwa siku kutoka betri ya volti 12. Na kwa kuwa huku Tukuyu mvua na ukungu huweza kulificha jua siku 3 mfululizo, na betri ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu, inahitajika ya ampea-saa 120. Shuleni kwetu ilifungwa ya 40, ikafa mapema, na wanafunzi wakabaki bila mtandao. Inaumiza. Paneli za sola nazo zielekezwe kaskazini.

Mwalimu,
Tukuyu, Mbeya