Gari Limetoka kwa Fundi, Sasa Halichanganyi: Usikimbilie Sensa

Dada mmoja alituletea Harrier asubuhi, mkononi ameshika boksi mbili ndogo za sensa. Wiki tatu kabla ya hapo gari lilibadilishwa gasketi ya silinda hedi kwenye gereji nyingine. Lilitoka zima, likatembea siku nne. Siku ya tano jioni, likiwa linapanda Kimara, likakata nguvu. Anakanyaga mafuta, gari linatambaa tu, daladala nyuma zinampigia honi kama kawaida yao. Akaweka pembeni, akazima, akawasha. Gari likawa zima kama halikuugua. Kesho yake, kilima kilekile, ugonjwa uleule.

Boksi zile mbili zilikuwa na sensa za zamani. Alishanunua mpya ya hewa, halafu ya kamshafti, na sasa ameambiwa anunue throtoli nzima, yaani mlango unaoingiza hewa kwenye injini. Hapo ndipo akaona aulize kwanza.

Gari likifanya hivi halijafa, linajilinda. Magari mengi ya siku hizi hayana kebo kutoka kwenye pedali ya mafuta kwenda kwenye throtoli. Mguu wako unatoa ombi tu, kompyuta ya gari ndiyo inayofungua hewa kwa mota ndogo ya umeme. Kwa sababu hiyo pedali imewekewa sensa mbili, na throtoli nayo mbili, moja ishuhudie nyingine. Ushahidi ukipishana, kompyuta haithubutu kukisia, maana ikikisia vibaya gari litaondoka lenyewe na wewe ndani. Inaikatia mota umeme, springi inaiacha throtoli wazi kidogo tu, na wewe unajikongoja mpaka nyumbani. Mafundi wanaiita limpu modi. Mimi napenda kusema gari linachechemea. Magari mengi ya otomatiki, tatizo likiwa upande wa gia, yanang'ang'ania gia moja, mara nyingi ya tatu.

Si kila sensa inaleta hasira hizo. Chomoa sensa ya joto la maji kwenye Toyota nyingi, kompyuta itajifanya injini ina nyuzi 80 na safari itaendelea, ingawa taa ya injini itawaka.

Sasa kuhusu kodi, na sizungumzii zile za TRA. Mashine ya kupimia ikichomekwa inatoa namba, na namba nyingi zinatajwa kwa jina la sensa. Fundi akisoma jina, mteja anatumwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani kununua. Lakini kodi inakutajia mtaa, haikutajii nyumba. Harrier ile ilitoa P2135, yaani sensa mbili za throtoli hazikubaliani. Kati ya sensa hizo na kompyuta kuna nyaya, soketi, pini na eathi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri), na chochote kati ya hivyo kikilegea namba inakuwa ileile.

Ndiyo maana kabla sijashika mashine ninauliza: mara ya mwisho lilifunguliwa nini? Gari lililoanza kuchechemea siku chache baada ya matengenezo huwa linadai kitu kilichoguswa wakati wa matengenezo hayo. Kubadilisha gasketi lazima utoe manifodi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, na kutoa manifodi lazima uchomoe soketi ya throtoli.

Tukaichomoa. Ni soketi ndogo ya nyaya sita: mbili za mota, nne za sensa. Ulimi wake wa kufungia ulishavunjika, ikafungwa kwa waya wa bati. Nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Pini tano zimejipanga sawa kama meno, ya sita imerudi nyuma milimita mbili hivi. Ilisukumwa wakati mtu anachomeka kwa nguvu. Injini ikiwa baridi pini ilikuwa inagusa. Ikipata moto na mtikisiko wa kilimani, inaachia. Tukairudisha mahali pake, tukaweka kichwa kipya cha soketi, tukapanda Kimara mara tatu na mashine ikiwa imechomekwa, tukiangalia volti za sensa zote mbili zikipanda pamoja bila kuruka. Throtoli hakununua.

Nisije nikaonekana ninawasema wengine tu. Sisi wenyewe tuliwahi kubadilisha injini maunti, zile raba zinazobeba injini, na kusahau kurudisha bolti moja ya eathi. Gari likarudi na kodi tano za sensa tofauti. Kodi nyingi zikija kwa mkupuo, sensa tano hazijafa usiku mmoja. Kagua eathi, au ule umeme wa volti 5 ambao sensa kadhaa zinagawana, kwa sababu sensa moja ikipiga shoti inaweza kuzima na jirani zake. Eathi tunaipima kwa mita, waya mmoja kwenye injini, mwingine kwenye hasi ya betri, mtu anapiga stata. Ikizidi nusu volti, tunaanzia hapo. Siku ile tuliomba radhi na hatukutoza kitu.

Jambo lingine la kawaida ni mpira wa hewa uliorudishwa bila kukaza klipu. Hewa inaingilia hapo bila kupitia sensa ya hewa, haipimwi, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, kodi inakuja P0171, yaani hewa imezidi mafuta. Ukibadilisha sensa ya hewa hapo umetupa hela. Na wale wanaoosha injini kwa presha: maji yakiingia kwenye soketi, utatuletea gari hata kama hakuna fundi aliyeligusa.

Sensa mbovu zipo, sikatai. Ila tunaihukumu baada ya kupima umeme unaoingia, eathi yake na ishara inayotoa. Ikibidi kubadilisha, mara nyingi ninachagua ya mtumba iliyo orijino kuliko mpya ya bei ya kutupa, ambayo wakati mwingine inasoma uongo tangu siku ya kwanza.

Ukija kwetu, usichomoe betri wala kukubali mtu akufutie kodi njiani. Kompyuta huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa kodi ilipoingia: spidi, joto la injini, mzigo. Ikifutwa, tunabaki kubahatisha. Njoo na spea zilizotolewa na utuambie bila aibu nani alifungua nini. Kupima tunatoza peke yake, ukitengenezea kwetu tunaikata kwenye bili. Kama taa ya injini inapepesa au geji ya joto inapanda, usilazimishe: zima, piga simu, tutakufuata ulipo. Na kama ugonjwa unatokea asubuhi tu injini ikiwa baridi, lilete jioni lilale kwetu.