Ile mambo ya kwenda upande

Hassan bro,

Pole kwa kukuweka, uliniuliza farasi anafunzwaje kwenda upande nikakuambia nitakuandikia, sasa leo huku Karen, Nairobi, mvua imejaza uwanja maji, hakuna kupanda.

Unamkumbuka yule jike wa kahawia aliyetoka resi za Ngong? Karanga. Ndiye nimepewa. Sasa farasi wa resi ukimgusa na mguu anajua neno moja tu, kimbia, kwa hivyo siku za kwanza hata sikumpanda, nilisimama chini namgusa ubavuni na kidole pale mguu wangu ungekaa, akivusha mguu wa nyuma hatua moja natoa kidole haraka, karoti, basi. Nikimpanda tukafanya legi-yildi, tunatoka katikati tunasogea hadi ukutani, mwili umenyooka, uso umegeuka kidogo tu upande tunaotoka. Hiyo alishika upesi.

Sholda-in ndiyo ilinitoa jasho. Hapo mabega yanaingia ndani kidogo, kuelekea katikati ya uwanja, nyuma inabaki kwa njia ya ukutani, na ule mguu wa nyuma wa ndani unaingia chini ya tumbo kubeba uzito. Kuna Mfaransa, François Robichon de la Guérinière, aliiandika kitabuni 1733, na mimi miaka karibu 300 baadaye bado nahangaika nayo! Nilikuwa navuta hatamu ya ndani, shingo inakunjika kama mtu anachungulia dirishani, mwili unaendelea zake moja kwa moja, bega la nje likatoroka nikasugua goti kwa fensi. Suruali ikararuka, wacha tu.

Nikashuka. Mchanga nilikuwa nimeupiga reki asubuhi, nikaangalia kwato: mistari miwili. Inafaa iwe mitatu, mguu wa nyuma wa ndani ukanyage njia moja na wa mbele wa nje. Yaani hakuna kitu tulikuwa tumefanya, na mimi huko juu najiona bingwa.

Basi siku hizi naanza konani na duara la mita 10, ile hatua ya kwanza ya kutaka kurudia duara nashikilia hatamu ya nje, mguu wa ndani unamwambia tufuate ukuta, nageuza mabega yangu na yake yanafuata, na mkono wa ndani nyamaza kabisa. Mwendo wa kutembea tu, hatua tatu nne, namnyoosha, namwachia shingo. Ukiomba ya tano anakasirika, masikio nyuma, mkia unapiga.

Jumanne nikaweka saisi wetu mdogo, yule mtunza farasi, mwisho wa ukuta, maana ukiwa mbele yake unafaa kuona miguu mitatu, wa nne umejificha. Tukakaribia namsikia anapiga kelele, "Mitatu! Mitatu!" Karanga akashtuka akaturusha hadi katikati ya uwanja, lakini nilicheka hadi machozi.

Upande wa kushoto bado ni mbao. Ukipanda huku Desemba uje na buti zako, nataka umpande unionyeshe kama ni yeye ama ni mimi.

Wako,
Musa