Fundi wetu ameacha pombe, na kazi yake ni kuonja

Shangazi, shikamoo.

Niko Dodoma, nasimamia wafanyakazi kumi na mmoja kwenye kiwanda kidogo cha kusindika zabibu nje kidogo ya mji. Tunanunua zabibu kwa wakulima, tunakamua, mchuzi tunauacha uchachuke kwenye matangi, kisha tunauza mvinyo kwa jumla. Misimu ni miwili, Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Huu wa Agosti umeshabisha hodi, ndiyo maana naandika kwa haraka.

Kuna mtu hapa nitamwita Fundi. Kwa umri ni kama baba yangu mdogo. Hakusomea popote, lakini akiinamia tangi akanusa mara moja, anakwambia hili liko tayari, lile lipewe siku mbili. Kipimo cha sukari tunacho, ila hata tajiri humsikiliza Fundi kwanza.

Miaka yote hiyo alikuwa anaonja na kumeza. Asubuhi hawezi kushika kalamu mpaka azimue: robo kikombe cha bati, mikono inatulia. Sisi tukicheka. Na niseme langu pia, maana ukijua nusu utanishauri nusu: mimi ndiye niliyekuwa namjazia kikombe cha kufungia kazi jioni. Niliona ni heshima kwa mkubwa.

Mwezi wa nne aliamua kuacha mwenyewe, kimyakimya, nyumbani. Siku ya pili akaanguka kama mwenye kifafa, ulimi kaung'ata. Daktari alitueleza kwamba mnywaji wa miaka mingi akikata ghafla, mwili unaweza kumgeuka hivyo siku mbili tatu za mwanzo, na wengine hufa. Mtu kama yeye huachishwa akiwa mikononi mwa wataalamu. Akapelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Unajua mtaani hapa jina hilo linavyotumika kama tusi. Aliporudi, vijana wa kuosha chupa walimpa jina ambalo sitaliandika.

Alikuwa nje ya kazi wiki saba. Tajiri akazuia mshahara wote, akisema ulevi si ugonjwa. Nikaenda kusoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, ilimradi cheti cha daktari kiwepo. Cheti kilikuwepo. Akalipa huku amenuna, na tangu siku hiyo ananiona wakili wa walevi.

Sasa, Shangazi, penye mwiba ni hapa. Kliniki walimwambia harufu na ladha tu zinaweza kuamsha hamu, hata kama hajameza. Kwetu hata kuta zinanuka mvinyo. Nikapendekeza ahamie shambani kusimamia wanaopogoa mizabibu. Tajiri kakubali, ila kwa mshahara wa huko, karibu nusu ya wake. Aliyekataa ni Fundi mwenyewe. Aliniambia, "Mwanangu, ukinitoa kwenye matangi nabaki mlevi mstaafu tu." Nikakosa la kujibu. Anasema ataonja na kutema.

Jumanne iliyopita nilimkuta peke yake na mvinyo wa msimu uliopita. Kajaza mdomo, kafumba macho, ndoo ya kutemea iko katikati ya miguu. Alikaa nao mdomoni muda mrefu kuliko kazi inavyotaka. Halafu akatema. Nadhani alitema wote. Koromeo lilicheza, lakini la nani halichezi? Aliponiona akacheka, akasukutua kwa maji mara tatu.

Sijamwambia mtu. Nikimwambia tajiri, nimempa sababu aliyokuwa anaitafuta. Nikinyamaza, na kumbe alimeza, nitakuwa nimemjazia kikombe tena. Mkewe hunipigia kila Jumamosi, "Baba yenu anaendeleaje?" Nami najibu yuko salama.

Kuna na hili: kila mwisho wa msimu mfanyakazi hupewa dumu la lita tano la mvinyo. Nataka msimu huu wote wapewe fedha, si yeye peke yake, nisije nikamnyooshea kidole mbele ya watu. Vijana wamesikia na wamechukia, na wanajua ni kwa ajili ya nani.

Nishauri. Nimuulize Fundi ana kwa ana kuhusu Jumanne ile? Kwa maneno gani, mimi mdogo kwake? Au nianze kwa mama, mkewe? Na nina haki gani ya kumhamisha kwa nguvu kwenye kazi pekee inayompa heshima, eti namwokoa? Zabibu za kwanza zinaingia Jumatatu ijayo. Ile ndoo nimeiosha mwenyewe leo, nikairudisha pale pale.

Msimamizi,
Dodoma