Kelele ya motere asubuhi: sikilizeni kwanza, msifungue

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lenu juu msimu huu wa baridi gari zinalia kila avenyu hapa Lubumbashi na watu wanatoa pesa bure. Sawa, hatuna theluji, lakini muji wetu uko juu karibu mita 1,200 na mwezi wa sita na wa saba asubuhi inashuka chini ya digri 10, gari imelala inje usiku kucha, unaiwasha saa kumi na mbili inatoa sauti ile hukuisikia hata siku moja wakati wa mvua. Shofere anaogopa, anapeleka garaji, anafika saa nne motere imeshapata moto na sauti imekwisha. Sasa fundi badala ya kusema sijasikia kitu, acha gari ilale hapa, anasema tufungue. Jirani yangu wa Katuba walimfungulia mpaka kulasi (kile kichwa cha juu cha motere), akalipa madola, kesho yake kelele iko palepale, kumbe ilikuwa kuruwa (mukanda) ya alternateri, ile inachaji batri.

Kelele ya baridi inatafutwa na baridi jamani. Acha gari garaji jioni, ao fundi aje kwako mapema na mtu asiguse funguo mbele hajafika. Akiomba kitu kidogo cha kuamka mapema mpe, jointi ya kulasi ina bei zaidi.

Ile "kwiii" ya sekunde chache pale mbele mara nyingi ni kuruwa, umande umeilowesha ao imelegea ao imezeeka. Motere ikiwa inazunguka, dondosha maji kidogo upande wa ndani wa kuruwa (mikono na nguo mbali tafazali!): kelele ikizidi, inateleza, kaza ao badilisha, ikinyamaza kidogo halafu irudi, angalia kama puli (magurudumu inazungukia) zimenyooka.

Ile "taka-taka-taka" ya juu kwenye supapi (vali) ndiyo inaliza watu sana. Usiku mafuta ya motere yanashuka chini yote, na baridi inayafanya mazito, basi asubuhi yanachelewa kupanda. Ikinyamaza mara moja, achana nayo. Ikiendelea, vuta ile fimbo ya kupimia uone kama mafuta yako kwenye alama, usianze na kufungua kitu. Na hapa nina hasira, juu kila mtu mjini ni daktari: "tia mafuta mazito itanyamaza". Hizi Toyota ndogo za Japani, Vitz, Probox, zile za motere 1NZ, zimetengenezwa kwa 5W-30, wewe unaenda kutia 20W-50 na baridi hii. Namba ya mbele ya W ndiyo inaonyesha mafuta yanakimbia vipi kwenye baridi, ndogo ndiyo nyepesi. Ukitia mazito, yanakawia zaidi kufika juu, chuma kinasaga chuma, mchana unasikia kimya unafurahi lakini kila asubuhi motere inakula yenyewe. Na yale ya kupima, kwenye chupa bila jina, hata sijui niseme nini.

Kuna nyingine inadanganya hata mafundi wazuri, iko sawasawa na sauti ya supapi lakini ni moshi unatoroka pale bomba la moshi linashikana na motere. Chuma kikipata moto kinapanuka, tundu linaziba, kelele inakwisha. Chukua taa uangalie pale kwenye jointi, utaona masizi meusi.

Motere ya zamani ikigonga "ko ko ko" ya wazi wakati wa baridi halafu ikapungua polepole, hiyo ni pistoni zimelegea ndani ya silinda, inaweza kuishi hivyo miaka. Ya kuogopa ni ile nzito ya chini kabisa, haikwishi motere ikipata moto na ukikanyaga gazi inazidi. Hiyo ni bieli, kile chuma kinachoshika pistoni chini. Zima palepale, hata kama garaji iko mbele ya macho yako, tafuta gari ya kukuvuta. Taa ya mafuta ya motere kwenye tablo ikikataa kuzimika, ni vilevile.

Fundi asiye na mashine ya kusikilizia achukue turnevisi (bisibisi) ndefu, ncha kwenye chuma, mshikio kwenye sikio, atembeze polepole, alternateri, pompi ya maji, mfuniko wa supapi, pale sauti inakuwa kubwa ndiyo pale. Awe mbali na kuruwa tu.

Na wenzangu wa mazutu (dizeli), subirini taa ya buji za kupasha moto izimike ndipo mpige demareri. Motere ikiwaka msiikanyage gazi kwa nguvu ati ipate moto haraka, iacheni kidogo, halafu mwende polepole mpaka joto lipande.

Msomaji wenu, shofere wa Kampemba
Lubumbashi