Shotigani ya mtumba sio kosa, kosa ni kutochungulia mtutu

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mie mkulima wa mahindi na mihogo huku Tanga, shamba langu limepakana na msitu, na mwaka juzi nilinunua shotigani kwa mtu, sio dukani, basi tangu siku hiyo kila nikikaa kijiweni nasikia "mzee, silaha hainunuliwi mtumba, ungejichanga ukachukua mpya". Jamani. Mpya niliyoulizia ilikuwa karibu mara tatu ya bei, na nyani hawamsubiri mtu ajichange.

Bunduki sio simu, haiishi kwa sababu imetoka toleo jipya. Hizi Baikal za Mrusi za mtutu mmoja ukizipaka mafuta na kuziweka pakavu zinamzika mwenye nayo. Tatizo ni kwamba wengi tunanunua kwa kutazama kitako.

Na mie nilitaka kufanya hivyohivyo. Ya kwanza niliyoletewa ilikuwa ya Kiingereza ya zamani, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), mitutu miwili, kitako kimepigwa vanishi kinang'aa kama kabati la bi harusi, nikaanza mpaka kutoa hela mfukoni. Bahati nilikuwa na fundi mmoja mstaafu, akaikunja katikati ikafunguka, akahakikisha haina risasi, akashika karatasi nyeupe nyuma ya mtutu akaniambia chungulia kwa mbele. Mtutu usio na kasoro unaona duara za mwanga zimepangana vizuri, huu wa kushoto duara moja limepinda, yaani mtutu umebonyea, halafu karibu na chemba, pale risasi inapokaa, kuna vidoti vyeusi, kutu imekula chuma. Akauchomoa ule mti wa mbele, akaitikisa, ikalia kwa-kwa-kwa kwenye bawaba, yaani imelegea.

Kilichonitisha zaidi ni chemba. Chini ya mitutu imegongwa 2½, maana yake inchi mbili na nusu, wakati risasi nyingi za siku hizi ni za milimita 70, ndefu kidogo. Na risasi yenyewe inaingia vizuri tu usione shida yoyote, kwa sababu mdomo wake umekunjwa, sasa ukifyatua ule mdomo unafunguka unakosa nafasi, presha inapanda, na wewe shavu umelilaza palepale. Muuzaji akasema mbona yeye amepiga miaka yote. Nikamwambia shukrani, nikaenda zangu.

Niliyochukua ni mbaya kwa sura, kitako kina mkwaruzo na mkanda ni wa katani, lakini mtutu msafi na inafunga kimya. Mpaka leo mlio mmoja tu hewani nyani wanapotea wiki nzima. (Nikimtuma mke wangu na fimbo wanamtazama tu wakiendelea kutafuna.)

Karatasi nayo ni habari nyingine. Silaha hairithiwi kama shamba, mwenye leseni akifa inatakiwa irudishwe polisi, anayeitaka aombe upya kwa jina lake, kuanzia serikali ya kijiji na kupanda. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ya marehemu baba, chukua tu tutaandikishana", kimbia, hata kama mtutu unang'aa kama kioo.

Sasa ninachoomba ni hiki. Siku ya kuhamisha umiliki wangu walisoma namba ya silaha, wakalinganisha na kitabu, wakagonga muhuri, basi, hakuna aliyeikunja kuchungulia ndani. Mbona pikipiki ya mtumba tunaambiwa tuangalie breki? Polisi wana mafundi wao wa silaha, wahusika waweke utaratibu kila shotigani inayobadilisha mkono ipitie kwa fundi dakika kumi kabla ya muhuri, kama kuna ada tutalipa.

Mkulima,
Tanga